Basi la Sponji

Lori la sukari lilipokuwa likirudi kinyumenyume kwenye mlango wa ghala asubuhi ile ya Jumanne, mwanamke waliyemwita Winchi alikuwa amekwisha kuvua viatu. Alibeba mizigo peku. Alisema viatu vinamdanganya mtu. Vinamwambia sakafu iko hapa, kumbe iko pale. Alikuwa na miaka arobaini na saba, mfupi, mpana wa mabega, na nyuma ya shingo yake palikuwa na sugu laini iliyong'aa kama goti la mtoto anayetambaa. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa akipokea mifuko ya kilo hamsini kutoka kwenye malori, akiipitisha juu ya ubao uliolia kila ulipokanyagwa, akiishusha kwenye kiza cha ghala, kisha akirudi mikono mitupu huku akitania watu.

Ghala lile lilikuwa na sheria chache, na hakuna hata moja iliyoandikwa ukutani. Mtu hajitwiki peke yake; wawili humtwika wa tatu. Aliyebeba ndiye mwenye njia, hata kama anayekuja mbele yake ni mwenye ghala mwenyewe. Na sheria iliyozipita zote ni hii: mtu mwenye mzigo akikutazama, na macho yake yakakaa kwako, unamwendea. Huulizi kuna nini. Hutazami umeshika nini mkononi. Unakimbia, unaweka bega lako chini ya mzigo wake, mnautua pamoja, halafu ndipo mnajuliana hali.

Winchi aliijua sheria hiyo kwa namna ambayo wenzake hawakuijua. Alipokuwa mgeni pale, binti wa miaka kumi na tisa, siku moja alikuwa ameketi juu ya magunia matupu akila chungwa. Akapita mwanamume mmoja mwenye nguvu, jina lake la kazini Ngata, kwa kuwa hakuna aliyemshinda kusokota kile kitambaa cha duara wanachoweka kichwani chini ya mzigo. Alikuwa amebeba mifuko miwili kwa mpigo. Macho yake yakamwangukia binti. Yakakaa. Binti akauliza, "Nini, kaka?" Akameza kwanza kipande kilichokuwa mdomoni. Alipoinuka, kiuno cha Ngata kilikuwa kimekwisha kukatika.

Tangu siku hiyo Ngata hakubeba tena. Walimpa kiti mlangoni na daftari la kuandika malori yanayoingia, naye akatembea kwa mkongojo. Hakumlaumu Winchi hata mara moja. Alimtania tu, kila siku iendayo kwa Mungu.

"Winchi, chungwa lilikuwa tamu?"

"Tamu, kaka. Mbegu tu zilinikwama."

Watu wakacheka, wakaendelea na kazi. Ila tangu siku ile Winchi hakutia tena chungwa mdomoni, na katika miaka yote hiyo, macho ya mtu yeyote mwenye mzigo hayakumkuta mara mbili. Alikuwa anafika kabla hayajamaliza kumtazama.

Sasa Jumanne hiyo, lori likiwa limesimama na ubao umewekwa, akaingia getini mdogo wake wa kiume, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Wapakuzi wakapiga ukelele.

"Nguzo kaja!"

"Nguzo, karibu baba! Lori hili hapa, linyanyue lote utupumzishe!"

Mdogo wake alikuwa mwigizaji. Kwa miaka kumi alikuwa ameigiza maiti wawili, walinzi wa mlangoni wasio na neno, na daktari mmoja aliyesema "Poleni sana" na kuondoka. Halafu mwaka ule akachaguliwa kuwa Nguzo. Nguzo walimjua wote. Alikuwa shujaa wa kitabu cha katuni kilichotoka kila Alhamisi: fundi mwashi aliyeangukiwa na jengo zima, akatoka kwenye kifusi akiwa na nguvu za jengo lenyewe. Mdogo mtu alipokuwa mtoto wa shule alikuwa anakuja ghalani saa ya chakula, anapanda juu ya mifuko, na kuwasomea wapakuzi toleo la wiki hiyo, akibadilisha sauti za watu na kuunguruma pale majengo yanapoanguka. Kwa hiyo habari za filamu zilipofika, ghala zima lilizipokea kama posa ya binti wa nyumbani.

Lakini asubuhi hii hakuunguruma. Alimvuta dada yake pembeni, karibu na kiti cha Ngata.

"Dada, nataka kubeba."

"Kubeba nini?"

"Mfuko."

Winchi akamtazama. "Umegombana na nani?"

"Sijagombana na mtu. Jana mwongozaji alinionyesha picha tulizopiga. Ile sehemu ninayonyanyua basi. Akasema nalinyanyua kama mtu anayefungua pazia."

"Na ni kweli?"

"Kweli, dada. Nilijiona mwenyewe. Nikaona haya."

"Basi lenyewe lina uzito gani?"

"Halina. Ni mabomba membamba na sponji, limepakwa rangi ya kijani. Nyuma yangu ukuta wa kijani. Baadaye yule mtaalamu wa kompyuta anafuta kila kilicho kijani, anaweka basi la kweli na mji wa kweli. Yaani la kompyuta, lakini ukiliona utaapa."

Ngata alikuwa anasikiliza bila kujificha. Akagonga sakafu kwa mkongojo. "Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kumbe walikuwa wanasema habari za sinema!"

"Kaka Ngata, hili si la kucheka," mdogo mtu akasema. "Mtaalamu anasema ya nini kuhangaika na mimi? Anaweza kutengeneza mwili mzima kwenye kompyuta. Mwili unaojua kunyanyua. Watachukua uso wangu tu, waubandike."

"Wakubandike? Kama stempu?"

"Kama stempu. Mwongozaji amenipa mpaka Ijumaa. Nikishindwa Ijumaa, atakayetembea kwenye filamu si mimi."

Winchi akasema, "Si kuna zile jimu? Nenda kanyanyue vyuma."

"Nimenyanyua miezi sita. Hebu shika mkono huu. Misuli ninayo, dada. Uzito sina."

Neno hilo lilimchoma Winchi mahali ambapo hakulitarajia. Kwa maana ni yeye aliyemnyima. Mama yao alipofariki, mdogo mtu akiwa na miaka saba, Winchi aliapa kwamba mtoto yule hatajua mfuko unakaa wapi shingoni. Hata ndoo ya maji hakumruhusu kuibeba kutoka bombani. "Mabega yako ni ya shati," alimwambia, na kila alipomkuta ameinama kunyanyua kitu alimfukuza kama kuku kwenye unga. Alidhani anamwepusha na maisha yake yeye. Hakujua kwamba siku moja watu wangemdai mdogo wake kitu hichohicho alichokuwa akimfichia.

"Vua shati," akasema.

Wapakuzi wakaacha kazi kuja kutazama. Wawili wakamtwika mfuko mmoja. Nguzo, aliyetoka kifusini na jengo zima mgongoni, akaenda hatua nne, akaegemea ukuta, akateleza polepole mpaka chini, mfuko ukiwa umemkalia mapajani kama mjukuu.

"Mleteeni kitabu!" mmoja akapiga kelele. "Pengine amesahau ukurasa!"

"Nyamazeni nyie," Winchi akasema, lakini na yeye alikuwa anacheka, na mdogo wake chini pale alikuwa anacheka mpaka machozi, na kwa mara ya kwanza tangu aingie getini uso wake ulikuwa uso wake.

Siku hiyo alimfundisha pumzi. Usivute hewa mzigo unapokuja; itoe, ili mzigo ukukute umekwisha kuwa mdogo. Jumatano alimfundisha miguu. Kisigino kinatua na kungoja, hakitupwi. Kila hatua unaiuliza sakafu kama imekubali. Mdogo wake alikuwa mwanafunzi wa ajabu. Alianguka, akainuka, akauliza, akarudia. Aliwatazama wapakuzi wakipita juu ya ubao jinsi mwizi anavyoitazama nyumba: nani anameza mate kabla ya kutwikwa, nani anakunja vidole vya miguu, nani anaongea sana akiwa mikono mitupu na kunyamaza kabisa akiwa amebeba. Mabega yake ya shati yalivimba, yakachubuka. Usiku Winchi aliyapaka mafuta.

Alhamisi, mdogo wake akamuuliza jambo ambalo hakuwahi kuulizwa.

"Dada, ukiwa na mzigo, unatazama nini?"

Ikabidi Winchi atwikwe kwanza, aende, arudi. Akatwikwa tena. Mara ya tatu akasimama katikati ya ubao akiwa na kilo hamsini shingoni, akapiga kelele kutoka huko juu:

"Pa kutua!"

"Nini?"

"Natazama pa kutua! Mzigo siutazami, mzigo ninao! Natazama pale nitakapouweka!"

Mdogo wake akabaki ameduwaa kama mtu aliyeokota ufunguo. "Mimi nilikuwa nalitazama basi," akasema taratibu. "Nalitazama kwa hasira. Nilidhani ndio ushujaa."

Ijumaa Winchi aliomba ruhusa ya nusu siku, akavaa gauni lake la maua na ndala mpya, akamsindikiza. Wapakuzi walimpigia miluzi mpaka alipopotea kwenye kona.

Jengo la filamu lilikuwa bohari kama lile lake, paa la mabati lilelile na mlango mpana uleule, ila ndani mlikuwa na taa nyingi na ukuta mzima umefunikwa kitambaa cha kijani kisicho na hata kunyanzi moja. Basi lilikuwa katikati. Winchi akalisogelea, akaligonga kwa kifundo cha kidole, likatoa sauti ya mto wa kulalia. Akacheka kwa sauti.

"Hili? Hili hata bibi harusi analibeba!"

Mtaalamu wa kompyuta alikuwa ameketi pembeni mbele ya skrini tatu, miwani ameiweka kwenye paji la uso, vikombe vitatu vya chai iliyopoa mbele yake. Alikuwa mtu mpole mwenye macho mekundu. Aliposikia huyu ni dada wa Nguzo akamkaribisha aone mwili alioutengeneza. Winchi akainama. Kwenye skrini jitu lilikuwa linanyanyua basi. Vumbi lilimwagika mabegani mwake. Jasho lilitiririka kwenye shingo, likagawanyika mara mbili kwenye mshipa.

"Jasho hili umelitengeneza wewe?"

"Tone kwa tone, mama. Miezi minne."

"Mungu akuweke. Sijaona kazi ya mikono kama hii." Akalitazama tena. Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, kama fundi anayetazama kazi ya fundi mwenzake. "Lakini huyu hajatwikwa."

"Samahani?"

"Hajatwikwa. Ardhi haijui kama yuko juu yake. Halafu muone macho, anatazama basi. Mtu mwenye mzigo hana haja ya kuutazama. Anatafuta pa kuutua."

Mtaalamu akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso. Akachukua kalamu, akayaandika maneno hayo kwenye karatasi ndogo, akaibandika ukingoni mwa skrini.

Mwongozaji, mwanamke mwembamba mwenye kofia na sauti iliyochoka, akawapanga watu. Waigizaji thelathini wa kundi walipaswa kukimbia wakipiga kelele wakati Nguzo anapoinua basi lililopinduka ili abiria watoke. Winchi akaonyeshwa pa kusimama, kando ya kamera, nje ya mstari wa chaki. "Hapo usitoke, mama," wakamwambia. Akasema hatatoka.

"Hii ndiyo," mwongozaji akamwambia mdogo mtu, na kwa jinsi alivyosema kila mmoja alielewa kwamba hakuna nyingine. "Tayari. Anza!"

Kundi likapiga kelele, likakimbia. Mdogo wake akaingia chini ya basi. Hakulikamata kwa haraka. Aliweka kiganja, akakiondoa, akakiweka tena pembeni kidogo. Akatoa pumzi. Winchi alimwona anakuwa mdogo, kama alivyomfundisha. Kisha magoti yakaanza kunyooka, na hayakunyooka pamoja. La kushoto likatangulia, la kulia likasita, kama mtu anayefikiria kukataa. Mshipa ukatoka shingoni. Kisigino kikatua, kikangoja. Ndani ya bohari ile hapakuwa na kitu kizito kuliko kamera, na bado Winchi alisikia, au alidhani amesikia, ubao ukilia.

Basi lilipofika usawa wa kifua, mdogo wake akaanza kutafuta pa kutua. Macho yake yakaenda kushoto, ambako watu walikuwa wanakimbia. Yakaenda kulia. Yakamkuta dada yake.

Yakakaa.

Ilikuwa haijapita robo saa tangu Winchi aligonge basi lile kwa mkono wake mwenyewe na kulicheka. Alijua. Lakini kujua kulikuwa kichwani, na ile sheria ilikuwa miguuni.

"Nakujaa!"

Ndala moja ilienda kwenye kamera, ya pili haikuonekana tena. Alipita katikati ya watu wanaokimbia akiwa peke yake anayekimbia kwenda upande ule, gauni la maua limempanda magotini, akaingia chini ya basi, akaweka bega kando ya bega la mdogo wake, akatoa pumzi, na akasukuma kwa nguvu zote alizokuwa nazo, nguvu za miaka ishirini na minane, nguvu za basi zima la abiria.

Basi likapaa.

Liliruka juu kama kuku aliyekanyagwa mkia, likagonga taa, likapinduka hewani, likamwangukia msaidizi wa mwongozaji kichwani bila kumuumiza, likabingirika mpaka ukutani. Winchi na mdogo wake walianguka chali mmoja juu ya mwingine. Wale wa kundi wakasimama. Taa zikasikika zikivuma.

"Kata," akasema mwongozaji, kwa sauti ndogo, amechelewa.

Winchi akaketi. Akalitazama basi la sponji limelala kifudifudi, akaona alichofanya. Akajifunika uso kwa viganja. "Nimemharibia," akasema. "Jamani, nimemharibia mtoto wa mama yangu."

Mdogo wake alikuwa bado amelala, anamtazama kwa mshangao. "Dada. Ulidhani ni kweli?"

Winchi akamchapa kofi la bega, palepale palipochubuka. "Mjinga wewe! Kwa nini uliniangalia vile? Mtu haangaliwi vile kama hakuna kitu!"

"Dada, ulidhani ni kweli!" Akainuka, akaanza kurukaruka kama mtoto wa shule juu ya mifuko. "Jamani, alidhani ni kweli!"

Mwongozaji hakuwa anawasikiliza. Alikuwa amevua kofia. "Rudisha nyuma," akasema.

Wakakusanyika wote nyuma ya mtaalamu, waigizaji, watu wa taa, msaidizi aliyeangukiwa na basi. Picha ikaanza. Wakamwona Nguzo akishuka chini ya mzigo wake, wakaona magoti yakibishana, wakaona macho yakitafuta. Halafu kutoka pembeni akatokea mwanamke mfupi mwenye gauni la maua, peku, na uso wake haukuwa na hofu wala ushujaa; ulikuwa uso wa mtu aliyechelewa kazini. Bega likagusa bega.

"Simamisha hapo," mwongozaji akasema. Akamuuliza mtaalamu, "Unaweza kumfuta?"

"Huyu mama? Dakika kumi."

Winchi akasema haraka, "Mfute, baba. Mfute kabisa, abaki mdogo wangu peke yake."

Mtaalamu hakugusa kitu. Alisugua macho yake mekundu. "Miezi minne," akasema, "natafuta namna ya kumfanya mtu asahau kwamba lile basi ni sponji. Nimehesabu matone ya jasho. Huyu mama amelishika, amelicheka mbele yangu, na halafu amesahau. Sasa nimfute ili nipate nini?" Akaonyesha pale picha iliposimama. "Niachieni kuanzia hapa, bega lilipogusa. Kutoka hapo basi nitalishika mimi. Nitakachofanya ni kulizuia lisipae."

Hapo ndipo bohari lilipolipuka kwa kicheko. Mwongozaji akamgeukia mdogo mtu. "Mwili utabaki wako," akamwambia, kama anayemrudishia koti alilosahau. Nguzo akaketi sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye mguu wa meza, akalia bila kujificha.

Walimwomba Winchi akimbie tena, kwa usalama, kamera ikiwa upande wa pili. Hakuweza. Mara ya kwanza alikimbia kama mtu aliyetumwa dukani. Mara ya pili alilitazama basi, akacheka katikati ya njia. "Basi, mama, inatosha ile moja," wakamwambia. Lakini mdogo wake walimwambia arudie mara tano, kutoka pande tano, na mara zote tano alishuka chini ya sponji ile akatwikwa upya, magoti yakabishana upya, kisigino kikangoja. Winchi alitazama akiwa ameshika ndala yake moja. Mara ya tatu ilibidi akamate nguzo ya taa ili miguu isiende. Yeye angeweza kubeba kilichopo. Mtoto huyu alikuwa anabeba kisichokuwepo, tena na tena, na kukitua, na kukibeba. Kwa miaka kumi alikuwa akiwaambia watu kwamba mdogo wake hajapata kazi bado. Siku ile aliyameza maneno hayo yote, na hayakuwa na mbegu.

Habari zilifika ghalani kabla yake. Jumatatu alipoingia, wapakuzi walikuwa wamenyanyua lundo la magunia matupu na kulirusha juu, wakipiga kelele, "Winchi, likamate basi!" Ni Ngata tu aliyekaa kwenye kiti chake na kumtazama. Siku hiyo hakuuliza habari za chungwa. Wala kesho yake. Mwezi ukapita, na watu wakaanza kuulizana chini chini kama wawili hao wamekosana.

Filamu ilitoka baada ya miezi minane. Jumamosi mchana ghala lilifungwa mapema, na wapakuzi wote wakaenda ukumbini na mashati safi, wakajaza safu nzima. Mdogo mtu alikaa na wakubwa wa filamu mbele, lakini kila dakika aligeuka kuwatafuta. Ngata alipewa kiti cha pembeni, mkongojo kati ya magoti. Winchi alikaa kando yake.

Lilipofika basi, hakuna aliyepumua. Lilikuwa chuma sasa. Lilikuwa na vioo vinavyovunjika na mikono ya abiria nje ya madirisha, na mafuta yanavuja, na vumbi la mji mzima hewani. Ile kazi ya mtaalamu ilikuwa ya kutisha. Na chini ya kitisho hicho chote, mtu mmoja alitoa pumzi. Magoti yakabishana. Basi likalia. Nguzo akainua macho kutafuta pa kutua, na macho yakaja moja kwa moja kwenye safu ya wapakuzi, yakakaa.

Safu nzima ikasimama. Wanaume na wanawake kumi na sita, kwa pamoja, mikono mbele.

"Kaeni chini nyie! Mnatuziba!"

"Mtueni kwanza!" mmoja wao akajibu kwa ukali. "Hamuoni amechoka?"

Kutoka pembeni ya skrini likatokea gauni la maua, na ukumbi ukaunguruma. Watu wasiomjua Winchi walikuwa wanampigia kelele: "Kimbia, mama! Kimbia!" Naye alikuwa amesimama gizani anajitazama akikimbia, na moyo unamwenda mbio kana kwamba hajui mwisho wake. Alipogeuka upande, akaona mkongojo uko sakafuni. Ngata alikuwa amesimama. Amesimama wima, mkono mmoja kwenye kiti cha mbele, mwingine umenyooshwa kwenda kwenye basi.

Kwenye skrini bega likagusa bega. Basi halikupaa.

"Umewahi," Ngata akasema.

Kisha akaingiza mkono mfukoni mwa koti. Alichokitoa alikuwa amekwisha kukimenya nyumbani na kukifunga kwenye karatasi, na harufu yake ikampata Winchi kabla ya macho. Ngata akalipasua chungwa kwa vidole vyake vinene, akamwekea nusu kiganjani.

"Haya. Sasa kula."

Winchi akalitia mdomoni. Juu pale mdogo wake alikuwa bado ameshika basi, abiria wanatoka mmoja mmoja, na katika safu yote ile hakuna aliyekuwa amekumbuka kuketi.